Koti la Kaki

Kitendawili.

Semeni tega, nasubiri.

Nyumba yangu ina milango minne. Mtu wangu yumo katikati, kutwa anazunguka akibisha mlango mmoja baada ya mwingine, na hajawahi kukaribishwa hata mara moja.

Mmeshindwa? Nipeni mji. Msinipe Mwanza, huo ninao tayari. Nipeni Tabora nikale asali, halafu niwape jibu: ni rota. Ni kile kidude kisichozidi kidole gumba, kinachokaa chini ya kofia ya distributa kwenye magari ya zamani. Kinazunguka kikigawa moto kwa plagi nne. Kikiwepo, gari linanguruma. Kisipokuwepo, hata ulisomee misa, ni bati tu limekaa uani.

Na wiki iliyopita, wajukuu zangu, tulimwacha Selina, binti wa marehemu mzee Shigela, ameivua hiyo kofia, na ndani hamna kitu.

"Nani amefungua hapa?" aliuliza.



Uani pale Pasiansi walikuwa watu watano tu, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Mama yake, Rebeka, mjane wa miezi minne, alikuwa kwenye kigoda mlangoni. Baba yake mdogo, Luhaga, alisimama kivulini mikono nyuma, amevaa koti la kaki la marehemu kaka yake, jua lote lile. Mke wa Luhaga, Hellen, alijibanza kwenye ua wa minyaa na mkoba wake. Na getini, juu ya ngazi ya gari lake la kuvutia magari mabovu, aliketi fundi mmoja aitwaye Ngosha, mnyororo umelala miguuni kama mbwa.

Gari lenyewe ni lile Pijo pikapu la mzee Shigela, la mwaka themanini na mbili, lililokuwa likibeba dagaa kutoka Igombe na kulisha nyumba ile tangu Selina hajaota meno. Siku ya kuanua matanga, Luhaga alilidai. Selina akakataa. Ukoo ukaamua hivi: Jumamosi, kabla kengele ya kanisa ya saa sita mchana haijamaliza kulia, gari likitoka geti kwa moto wake lenyewe, ni la Selina, na maneno yaishe. Lisukumwe marufuku, livutwe marufuku. Lisipotoka, Luhaga anaondoka nalo.

Lakini msidhani ni gari tu. Kulikuwa na yale maneno.

Alfajiri ile mzee Shigela alipoanguka kwenye kizingiti, ni Luhaga aliyekimbilia gari ili limpeleke hospitali. Akapiga stata, akapiga, akapiga. Halikuwaka. Bajaji ilipopatikana, mzee alikuwa ameshakwenda. Na kwa kuwa jioni ya jana yake Selina ndiye aliyesafisha kabureta, Luhaga alisimama mbele ya waombolezaji wote akasema baba wa huyu binti ameuawa na mikono ya huyu binti. Tangu siku hiyo, Selina akipita Mwaloni sokoni, wanawake wanamtazama vidole.

Basi ndiyo hiyo. Anataka gari, ndiyo. Lakini zaidi anataka mikono yake.

Saa ilikuwa tano na robo.

Luhaga ndiye aliyeanza kusema. Alisema gari halina mchawi, ila lina mtu aliyelipekenyua bila kujua, na sasa anatafuta wa kumsingizia. Akaongeza kwamba mtoto wa kike akishika spana, kinachofunguka ni kizazi chake mwenyewe.

Selina alimwambia kwamba kizazi chake hakijaitwa kwenye kikao hiki.

Ngosha aliteremka, akachungulia injini, akatema mate pembeni. Alisema bila rota hapo hakuna kazi, afunge mnyororo mapema jua halijakolea. Luhaga akamwambia afunge.

Selina akasimama mbele ya bampa, spana ya kumi na saba mkononi.

"Kengele haijalia," alisema. "Ukigusa gari hili kabla haijalia, fundi, utafungwa mnyororo huo wewe."

Ngosha alimpima kwa macho, kisha akarudi kwenye ngazi yake. Alikaa upande ambao anaona vizuri.

Selina akatoa simu, akampigia mzee Sadrudin, mwenye duka la spea la zamani kule Mirongo, duka ambalo ukiingia unanusa mpira na udi kwa pamoja. Akaweka spika ili wote wasikie, asije akaambiwa baadaye kwamba amepanga mambo. Akamwamkia, akaitikiwa, akaomba rota ya Pijo.

Mzee Sadrudin akasema hana. Ya mwisho aliuza kabla hajang'olewa jino, na jino lenyewe ni la zamani. Labda aagize Dar, ifike wiki ijayo.

Luhaga akacheka kwa pua.

Selina alikuwa ameshaanza kushukuru ili akate simu, sauti ya mzee ikamwahi.

"Lakini mwanangu, unatafuta rota ya nini? Ya baba yako ipo. Alikuwa anatembea nayo."



Mzee Sadrudin akaeleza. Mwaka juzi, wezi walipojaribu kuliondoa lile Pijo kule Igogo, Shigela alikwenda dukani kwake kutaka kengele ya wizi. Yeye akamwambia asipoteze hela, afanye kama madereva wa zamani: akiegesha gari jioni, achomoe rota alale nayo. Mwizi atapiga stata mpaka achoke. Shigela akafuata. Kila akifika dukani alikuwa akiitoa mfukoni pamoja na miwani, anaiweka juu ya kaunta, wanacheka. Alimwomba asimwambie mtu, hata wa nyumbani, kwa kuwa siri ya watu wawili ikifika kwa watatu inakuwa tangazo. Jioni anaichomoa, alfajiri anairudisha kabla watu hawajaamka.

"Mfuko gani, mzee?"

"Wa ndani. Upande wa moyo. Lile koti lake la kaki."

Wajukuu zangu, hapo macho sita yalikwenda mahali pamoja, na ya Hellen yakaenda chini.

Luhaga alikuwa amelivaa.

Na hakulivaa kwa baridi. Katika ukoo ule, anayerithi nguo ya mwisho ya marehemu ndiye anayesema kwa niaba yake mpaka mwaka uishe, na akija kudai kitu cha marehemu lazima aje ameivaa. Bila nguo, hana mdomo. Tena nguo hiyo haifuliwi, haishonwi, haikatwi uzi, mpaka mwaka uishe. Kwa hiyo Luhaga, ili adai gari, ilimbidi alilete koti. Kama angekuja na shati, hadithi yangu ingeishia hapa.

Selina akamwomba atoe kilichomo mfukoni.

Luhaga akasema mtoto wa kike hapekui mwili wa baba yake mdogo, na kama shule ndiyo imemfundisha hivyo, basi ada ile ingenunuliwa mbuzi.

Rebeka akainuka kwenye kigoda. Miezi minne yule mama hakuwa amesema sentensi ndefu mbele ya shemeji yake.

"Shemeji," alisema, "vifungo vya koti hilo nimevifunga miaka kumi na nane. Nitapekua mimi."

Hapo Luhaga akabadilika. Akatabasamu. Akasema hakuna haja, atajipekua mwenyewe, waone wote. Akageuza mfuko wa kushoto: tupu. Wa kulia: tiketi ya kivuko cha Kigongo, imechakaa. Akaingiza mkono mfuko wa ndani, upande wa moyo, kwa kujiamini kama mtu anayejua hakuna kitu.

"Tupu," alisema. "Mmeridhika?"

Ngosha kule kwenye ngazi akacheka. Luhaga akamuuliza anacheka nini.

"Vidole vyako, mzee. Vimetokea upande wa pili."

Kweli. Mfuko ulikuwa umetoboka. Vidole viwili vya Luhaga vilikuwa vinachezacheza chini ya bitana, kama panya ndani ya gunia. Na kitu kinachodondokea kwenye bitana, wajukuu zangu, hakifiki chini. Kinatembea. Kinakwenda kukaa kwenye pindo.

Rebeka hakuuliza ruhusa. Alilikamata pindo la koti, akalibinya inchi kwa inchi, kama anatafuta jiwe kwenye mchele. Nyuma, karibu na mshono wa katikati, vidole vyake vikasimama.

Luhaga akamwambia aangalie, mwaka haujaisha, akikata uzi wa nguo ya marehemu ukoo utamkataa.

"Mwaka ni wa mjane," Rebeka alisema. "Nauhesabu mimi."

Akainama, akaukata uzi kwa meno.

Kikadondoka kipande cha penseli. Kikadondoka kifungo. Halafu ikadondoka rota, ndogo, ya kahawia, na ulimi wake wa shaba unang'aa kama umesuguliwa jana.

Ningependa mngeuona uso wa Luhaga. Haukuwa uso wa mtu aliyeshangaa kuona kitu kigeni. Ulikuwa uso wa mtu aliyekutana na mdai wake aliyemdhania amehamia Kongo.

Selina akaiokota. Akaipuliza. Akasimama nayo kiganjani na kuuliza swali moja, polepole, akimtazama kila mtu kwa zamu yake.

"Siku ile baba alipoanguka, nani alimvua koti?"

Maana aliyemvua aliligusa. Na koti la kaki lenye kitu kama hicho mfukoni huwezi kulikunja usikijue.

Rebeka akasema yeye alikuwa amemshika kichwa, hakuona mikono ya mtu. Luhaga akasema saa inakwenda, na maswali hayana gia. Hellen akainama kuuokota mkoba wake, na mkoba haukuwa umeanguka.

 Selina akageukia injini.

Saa tano na nusu.

Rota iliingia mahali pake kwa mlio mdogo, kofia juu yake, klipu mbili zikafungwa. Rebeka akakaa kwenye usukani, kwa kuwa Selina alitaka macho yake yawe kwenye injini. Ufunguo ukazungushwa. Stata ikalia, ikalia, ikalia. Hakuna moto.

Luhaga akapiga makofi mawili, taratibu. Alisema marehemu mwenyewe amekataa.

Selina alichomoa waya wa plagi ya kwanza, akaifungua plagi, akairudishia waya wake na kuilaza juu ya chuma cha injini. Akamwambia mama azungushe tena. Cheche ikaonekana, lakini nyekundu, nyembamba, mvivu. Moto mzuri ni wa bluu, na unasikika. Kwa hiyo petroli si tatizo na rota si tatizo. Kinachobaki ni platini, vile vipande viwili vya chuma chini ya rota vinavyogusana na kuachana. Miezi minne, unyevu wa ziwa, gari limesimama tu. Vimeshika kutu.

Akavua kofia tena, akachomoa rota tena, safari hii akaishikilia kwa meno yake mwenyewe asije akaisikia imepotea.

Ngosha akamuuliza kwa mbali kama ana msasa. Hana. Luhaga akamwonya Ngosha akumbuke amekodiwa na nani.

"Mama, kiberiti," Selina alisema kupitia kwenye meno.

Upande wa kiberiti unakowashia njiti ni msasa mwembamba kuliko wa dukani. Akauchana, akaukunja, akausugua katikati ya platini mara kumi, mara ishirini. Halafu nafasi. Platini zikikaribiana mno au zikiachana mno, ni kazi bure, na kipimo chake cha chuma kilipotea msibani pamoja na vikombe sita. Baba yake alimfundisha kipimo kingine: kadi ya mwaliko wa harusi, moja, isiyokunjwa. Ipite kwa kujikuna kidogo. Rebeka akakimbia ndani akaja na kadi ya harusi ya mtu wa Nyakato, yenye maua ya dhahabu. Ikapita ikijikuna.

Saa sita kasoro dakika kumi na mbili.

Kofia, klipu, ufunguo.

Tk.

Tena. Tk.

Betri imekwisha.

Sasa Luhaga hakucheka. Alimwambia Ngosha ateremke na mnyororo, na asiposhuka asitegemee kazi nyingine kutoka kwake. Ngosha akasema anayo betri ya akiba, angeweza kumwazima binti kwa dakika mbili. Luhaga akasema betri ya kuazima si moto wake lenyewe, na ukoo ulisema moto wake lenyewe. Na kwa hilo, niseme ukweli, alikuwa sahihi.

Kitendawili.

Ng'ombe wangu mkia wake uko puani, ukiuzungusha, ananguruma.

Hamjui, mmezaliwa juzi. Ni gari la hendeli. Pijo lile lina tundu chini ya bampa ya mbele, na nyuma ya kiti kuna chuma kilichopinda, kirefu kama mkono. Unakiingiza puani, unaizungusha injini kwa nguvu zako. Betri isiyoweza kusukuma stata bado inaweza kuzaa cheche.

Selina aliposimama na kile chuma, Luhaga alisema hiyo nayo hairuhusiwi. Ni kusukuma.

"Kusukuma ni gari likienda," Selina alisema. "Hili limesimama, baba mdogo. Hata wewe unaliona limesimama."

Ngosha alipoulizwa, alisema hendeli ilitoka kiwandani na gari, ni kiungo chake. Anayemnyima Pijo hendeli anamnyima mtu mkono wake. Luhaga akamwambia hakuulizwa. Ngosha akasema ameulizwa, na ameshajibu.

Selina akapiga magoti. Akafunga vidole vinne juu ya chuma, na kidole gumba akakilaza upande huohuo pamoja na wenzake, asikizungushe. Hivyo ndivyo alivyofundishwa. Gari likikataa linarudisha hendeli kwa nguvu ya teke la punda, na kidole gumba kilichozunguka kinabaki hapo.

Akavuta. Hendeli ikarudi kwa kishindo, ikampiga kiganja. Damu kidogo. Vidole vyote vitano vipo.

Akavuta mara ya pili. Injini ikakohoa mara moja, kama mzee anayetaka kusema jambo akaghairi.

Kengele ya kanisa ikaanza kulia.

Luhaga akatoka kivulini, akahesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Tatu.

Selina alimwambia mama avute choki mpaka mwisho na asiguse kingine. Akavuta hendeli mara ya tatu, kwa mabega, kwa mgongo, kwa yale maneno yote ya Mwaloni.

Pijo likawaka.

Moshi ukatoka mweusi, halafu wa kijivu, na minyaa ikatetemeka. Rebeka alipiga mayowe madogo, akafunika mdomo, akasogea kiti cha pili. Selina akarukia usukani, akakandamiza klachi, gia ya kwanza.

Nane, alikuwa akihesabu Luhaga. Tisa.

Lakini geti limezibwa. Gari la Ngosha limekaa pale kama kabati. Luhaga alikuwa amemwambia tangu asubuhi aegeshe hapohapo, na sasa akamnyooshea kidole kwamba asisogee hata hatua.

Ngosha aliwasha gari lake.

"Nimekodiwa kuvuta gari bovu," alisema. "Silioni."

Akarudi nyuma. Selina akapita pembeni yake, kioo cha kushoto kikabaki getini, na mlio wa mwisho wa kengele ulimkuta barabarani, magurudumu manne juu ya vumbi la Pasiansi na injini inanguruma.

Alishuka bila kuizima. Mtu mwenye akili haizimi.

Luhaga akawafuata nje, koti limening'inia pindo nyuma kama mkia. Majirani walikuwa wameshatoka, mmoja na ndoo kichwani, mmoja na mtoto mgongoni. Alijua wamemzunguka, na akaongea ili wasikie. Alisema gari walichukue, yeye si mtu wa kugombea vyuma. Lakini wakumbuke wote kwamba limewaka leo, siku ya ushindani. Siku ya kufa na kupona lilikataa, na aliyeligusa jana yake wanamjua. Leo amepata gari, ila mikono ni ileile.

Yule mwenye ndoo akaitua.

Selina hakupiga kelele. Alimsogelea mpaka wakatazamana, kiganja chake kinavuja damu, akarudia lile swali ambalo halikujibiwa uani.

"Nani alimvua baba koti?"

"Mimi."

Sauti haikutoka kwa Luhaga. Ilitoka getini. Hellen alikuwa amesimama pale, mkoba ameuweka chini kwenye vumbi, mikono mitupu.

Luhaga akamwambia aende nyumbani. Hakwenda.

"Nilimvua mimi, nikimpepea," Hellen alisema, na alimwambia Rebeka, si mwingine. "Kikanigonga mkono hicho kidude. Dada, mimi sijui magari. Nikampelekea huyu, alikuwa anakimbilia Pijo, nikamwambia hiki kimetoka kwa shemeji. Huyu ameendesha malori miaka ishirini. Alikitazama. Akanitazama. Akaniambia ni takataka, akakirudisha mfukoni mwa koti, akanipa nilikunje. Halafu akaenda kupiga stata."